Historia ya Kupima Vito na Lulu, na Mafundisho Yake kwa Wanaushirika

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wasomaji watakuta hesabu za kahawa iliyokusanywa, habari za vyama vya msingi, na maneno ya viongozi wetu. Sisi tuliopewa kazi ya kuandika sura ya historia tumeona yafaa tutoke kidogo nje ya mashamba yetu, tukaitazame biashara nyingine iliyo mbali na kahawa, nayo ni biashara ya vito na lulu. Huenda mwanachama akauliza, mkulima ana haja gani na lulu? Jibu letu ni kwamba swali linalomsumbua mkulima penye mizani ndilo lililowasumbua wauza vito tangu kale: ni nani asemaye kwamba mali hii ni ya daraja la kwanza au la tatu, na yule auzaye atajuaje kwamba ameambiwa kweli? Wafanyabiashara wa vito walilitafutia swali hilo jawabu, nao wakalipata kwa gharama kubwa. Yafaa tulijue.

Wapimaji wa kale

Hapo kale mtu aliyetaka kukijua kito alitegemea jicho lake na sifa za muuzaji. Kila jiwe jekundu liliitwa yakuti, na kila jiwe la kijani liliitwa zumaridi. Kosa hilo halikuwapata maskini peke yao. Jiwe kubwa jekundu lililomo katika taji la wafalme wa Uingereza, liitwalo Yakuti ya Mwana wa Mfalme Mweusi, si yakuti hata kidogo. Ni jiwe la aina nyingine liitwalo spineli. Wafalme walilirithisha kwa karne nyingi kwa jina lisilo lake, kwa sababu hapakuwa na mtu awezaye kuyatenga mawe hayo mawili.

Walakini wako waliokwisha kuonyesha njia. Mwanachuoni mmoja Mwislamu, Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, alitengeneza chombo cha kupimia vito kwa maji. Alipima jiwe, kisha akalitia katika chombo kilichojaa maji, akayapima maji yaliyomwagika. Kwa kulinganisha vipimo hivyo viwili alijua uzito wa asili wa kila aina ya jiwe. Aliandika pia kitabu kizima juu ya vito na madini, ambamo alieleza habari za lulu na mahali zilikopatikana.

Hesabu ya kipimo hicho ni rahisi, na mwanachama yeyote aweza kuifuata. Tuseme jiwe lina uzito wa gramu 4 likipimwa hewani. Likining'inizwa ndani ya maji huonekana kuwa na gramu 3 tu, maana maji yamelibeba kwa gramu 1. Gawa 4 kwa 1, utapata 4. Hicho ndicho kipimo cha yakuti, iwe nyekundu au ya samawati. Almasi kipimo chake ni karibu 3.5, na spineli ni karibu 3.6. Jiwe likiwa dogo au kubwa, kipimo hakibadiliki. Na maneno matamu ya dalali hayawezi kukiongeza wala kukipunguza.

Vito vya kutengenezwa

Mambo yalizidi kuwa magumu mwaka 1902, Mfaransa mmoja aitwaye Auguste Verneuil alipotangaza namna ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa moto. Aliyeyusha unga safi katika mwali mkali, matone yakaganda moja juu ya jingine mpaka yakawa jiwe. Jiwe hilo halikuwa kioo cha kudanganyia watoto. Lilikuwa yakuti kweli kwa asili yake, kwa ugumu wake na kwa uzito wake katika maji. Tofauti ni kwamba lilizaliwa katika karakana kwa muda wa saa chache, badala ya kuzaliwa ardhini kwa muda wa mamilioni ya miaka. Kipimo cha maji hakikuweza kulitambua.

Ndipo wenye biashara walipoona kwamba jicho na mizani havitoshi. Huko London, G. F. Herbert Smith wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alikuwa amefanyiza chombo kidogo cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda nuru. Kila aina ya jiwe hupinda nuru kwa kadiri yake, kama vile fimbo ionekanavyo kuvunjika itiwapo majini. Mawe mengine, kama spineli, huupitisha mwale ukiwa mmoja. Mengine, kama yakuti, huugawa kuwa miwili. Mwaka 1908 chama cha masonara wa Uingereza kilianza mipango ya kuwafundisha wanachama wake elimu ya vito, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 1913. Kwa hadubini waliweza kuiona alama ya yakuti ya moto: mistari yake ya ndani imepinda kama mifuo ya sahani ya santuri, na pengine imo mapovu ya hewa. Jiwe la ardhini mistari yake imenyooka.

Wazamia lulu wa Ghuba

Sasa tugeukie lulu, maana ndizo zilizoleta maabara ya kwanza ya biashara hii. Lulu hupatikana ndani ya chaza. Kitu cha kigeni kikiingia au mwili wa chaza ukijeruhiwa, chembe za ngozi yake hukizunguka kidonda na kukifunika kwa utando ung'aao, tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Katika machaza mengi sana huonekana lulu moja tu iliyo nzuri.

Kwa karne nyingi lulu bora zilitoka katika Ghuba ya Uajemi, hasa Bahrain. Kila mwaka, wakati wa joto, majahazi yalitweka kwenda kwenye mapwaa ya chaza na kukaa huko miezi minne au zaidi. Mzamiaji alibana pua kwa kibano, akafunga jiwe mguuni ili azame upesi, akakusanya machaza katika kikapu, na mwenzake aliyekuwa juu akamvuta kwa kamba. Alizama mara nyingi kwa siku, huku akila kidogo ili pumzi isimsumbue. Miongoni mwa wazamiaji hao walikuwamo watu waliotolewa kwa nguvu katika pwani yetu ya Afrika Mashariki na kuuzwa utumwani, pamoja na watoto na wajukuu wao. Kwa hiyo habari hii si ya wageni tu. Ni ya ndugu zetu pia.

Wazamiaji hawakulipwa mshahara. Walipewa fedha za mkopo kabla ya msimu, ili nyumba zao zipate chakula, na mwisho wa msimu walipewa fungu lao baada ya kukatwa deni. Nahodha naye alikuwa na deni kwa mfanyabiashara. Mzamiaji hakuwapo lulu zilipochekechwa katika machujio ya shaba na kupangwa kwa ukubwa, wala hakuwapo bei ilipokatwa. Aliambiwa tu kwamba msimu haukuwa mzuri, na deni limebaki. Baba akifa, deni lilimwangukia mwanawe. Katika miaka ya 1920 Serikali ya Bahrain iliamuru hesabu ziandikwe, na kila mzamiaji apewe daftari lake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; watu wa Bahrain waliijua kweli hiyo kwa miili yao.

Lulu za Mikimoto

Kule Ghuba mtu akihatarisha pumzi yake, huku New York na Paris lulu zilikuwa na thamani kuliko almasi. Mwaka 1917 sonara Cartier alipata jumba katika barabara kuu ya Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu mmoja wa lulu wa nyuzi mbili, ambao bei yake ilikuwa dola milioni moja. Wasomaji waukumbuke mkufu huo, maana tutaurudia.

Wakati huo huo Mjapani Mikimoto Kokichi alikuwa kazini. Mwaka 1893 alifaulu kukuza lulu nusu ndani ya chaza, na baadaye, kwa kufuata elimu iliyovumbuliwa na Wajapani wenzake Nishikawa na Mise, akakuza lulu za mviringo. Kazi yenyewe yafanana na ile ya mkulima apandikizaye chipukizi. Huchukuliwa punje ya gamba la kombe wa mtoni, ikatiwa ndani ya chaza pamoja na kipande kidogo cha ngozi ya chaza mwingine, kisha chaza hurudishwa baharini. Chaza huifunika punje ile kwa utando wake mwenyewe. Kwa hiyo ngozi ya juu ya lulu ya kukuzwa ni ile ile ya lulu ya asili, na hapana jicho liwezalo kuzitenga.

Lulu hizo zilipofika masoko ya Ulaya, na hasa mwaka 1921, hofu iliingia London na Paris. Mnunuzi alijiuliza: nikitoa fedha za nyumba nzima, je, nimenunua lulu iliyotafutwa kwa pumzi ya mtu, au iliyopandwa kwa mkono? Asipoweza kujibiwa, hanunui. Hapa pana jambo la kukumbuka: shaka haimwumizi mnunuzi peke yake. Shaka ikiingia sokoni, mwenye mali safi na mwenye mali hafifu huangukia bei moja.

Maabara ya London

Wafanyabiashara wa London walifanya jambo la busara. Hawakumwacha kila mtu apige ramli dukani mwake. Kwa njia ya Chama cha Wafanyabiashara cha London walianzisha maabara ya pamoja mwaka 1925, wakamwajiri kijana msomi wa kemia na madini, Basil Anderson, ambaye kazi yake ilikuwa kupima tu, bila kununua wala kuuza. Baadaye aliungana naye C. J. Payne. Mjini Paris nako maabara ya namna hiyo ilianza mwaka 1929.

Chombo kikubwa cha kazi kilikuwa sindano iliyovumbuliwa Ufaransa, nyembamba kiasi cha kupita katika tundu la lulu iliyotobolewa kwa kutungwa uzini. Sindano hiyo ina uwazi ndani, na imo vioo viwili vidogo vilivyolazwa mshazari. Nuru kali hupitishwa ndani, ikagonga kioo cha kwanza na kuingia katika mwili wa lulu. Ikiwa lulu ni ya asili, tabaka zake ni za mviringo mpaka katikati. Nuru huzifuata na kuzunguka, ikarudi kwenye kioo cha pili, na mpimaji huona mmeto wa ghafula. Ikiwa ni ya kukuzwa, ndani yake mna punje ya gamba ambayo tabaka zake zimenyooka. Nuru hutoka nje moja kwa moja, na mpimaji haoni mmeto. Kwa lulu isiyotobolewa walitumia eksirei. Picha yake huonyesha mzingo wa utando mweusi mwembamba unaoitenga punje na lulu iliyoifunika.

Hivyo kweli ikajulikana, na cheti cha maabara kikaaminiwa na muuzaji na mnunuzi pia. Lulu za Mikimoto hazikufukuzwa duniani. Ziliuzwa kwa jina lake la haki, lulu za kukuzwa, zikapata wanunuzi wengi ambao kwanza hawakuweza kununua lulu yoyote. Mikimoto mwenyewe aliilinda sifa ya jina hilo: mwaka 1932, mjini Kobe, alichoma hadharani lulu duni nyingi mno ili watu wajue kwamba hakubali takataka ziuzwe pamoja na mali njema.

Lakini tusiseme kwamba maabara iliponya kila kidonda. Shida ya fedha iliyoikumba dunia tangu mwaka 1929, pamoja na wingi wa lulu za kukuzwa, viliiangusha bei ya lulu za asili. Mkufu ule wa Cartier uliuzwa mwaka 1957 kwa dola 151,000 tu. Aliyepatwa na msiba mkubwa zaidi ni mzamiaji wa Ghuba. Elimu ya kuipima lulu yake ilikaa London na Paris, katika mikono ya wanunuzi. Yeye hakuwa na maabara, wala chama, wala akiba. Mwaka 1932 mafuta yalipatikana Bahrain, na wengi wakaacha bahari wakaenda kutafuta kazi huko.

Jiwe lililofichika katika duka

Maabara haifichui udanganyifu tu. Pengine hufunua neema isiyojulikana. Mwaka 1945, mjini Dublin, mpenda vito Richard Taaffe alinunua vito vya zamani vilivyokwisha kukatwa. Kimoja, cha rangi ya zambarau hafifu, kilidhaniwa kuwa spineli. Alipokitazama kwa hadubini aliona kwamba nuru inagawanyika kuwa miwili, jambo ambalo spineli hailifanyi kamwe. Alikipeleka kwa Anderson huko London. Anderson na Payne walikipima kwa kila njia, wasipate jina lake katika vitabu. Wataalamu wa Jumba la Makumbusho walisaidia kuchungua kipande kidogo chake, na mwaka 1951 ikatangazwa kwamba ni madini mapya kabisa. Yakaitwa taafeiti. Kwa mara ya kwanza aina mpya ya jiwe ilikuwa imegunduliwa katika kito kilichokwisha kukatwa. Baadaye mawe ya namna hiyo yalipatikana Sri Lanka, na hata kwetu Tunduru.

Jiwe la Mererani

Habari iliyo karibu nasi zaidi ni ya mwaka 1967, karibu na Mererani, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko yaliokotwa mawe ya buluu yenye kung'aa. Mtu aliyetambuliwa na Serikali ya Tanzania kuwa ndiye mgunduzi ni Jumanne Ngoma, naye mwaka 2018 alizawadiwa shilingi milioni 100. Mwanzoni watu waliyadhania mawe hayo kuwa yakuti samawi. Kama yangeuzwa kwa jina hilo, yangedharauliwa mara yalipopimwa: uzito wake kwa maji ni karibu 3.35, si 4, na ugumu wake ni mdogo kuliko wa yakuti.

Maabara za wanajiolojia, hapa nchini na nchi za nje, ziliafikiana kwamba ni zoisiti, madini yaliyojulikana tangu mwaka 1805, ila hayakuwahi kuonekana katika rangi hiyo na usafi huo. Ukiligeuza jiwe lile mbele ya nuru huonyesha buluu upande mmoja, zambarau upande mwingine, na wekundu wa shaba upande wa tatu. Mawe mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia, na hupata buluu yake yakitiwa moto wa nyuzi 500 hadi 600. Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la tanzanaiti. Hivyo jiwe lililokuwa karibu kuitwa yakuti mbovu likawa kito chenye heshima yake, chenye jina la nchi yetu, na mpaka leo hakijapatikana kwa biashara mahali pengine popote duniani. Mwaka 2020 mchimbaji mdogo mmoja wa Mererani aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa kwa shilingi zaidi ya bilioni 7.7. Mawe hayo yalipimwa na kuthaminiwa humu nchini, mbele ya mwenyewe.

Siku hizi

Maabara ya London, aliyoiongoza Anderson mpaka mwaka 1972, ilifungwa mwaka 2008, lakini kazi yake imeenea Marekani, Uswisi, India na Thailand. Siku hizi wapimaji huweza mara nyingi kusema jiwe limetoka nchi gani, kwa kuchungua chembe zilizonaswa ndani yake. Mwaka 2013 wataalamu wa Uswisi walionyesha kwamba kwa kutumia unga kidogo wa lulu huweza kujulikana ni chaza wa jinsi gani aliyeizaa. Bahrain nayo ilijifunza: ilianzisha maabara yake mwaka 1990, na mwaka 2017 ikaunda taasisi kubwa zaidi ya kupima lulu na vito. Nchi iliyotoa wazamiaji sasa ina sindano yake yenyewe. Kwetu pia, mjini Arusha kipo kituo cha elimu ya vito ambako vijana hufundishwa kuvitambua na kuvikata.

Mafundisho kwetu

Katika historia hii twaona mambo matatu yatufaayo sisi wanaushirika. La kwanza, mpimaji asiwe mnunuzi. Wafanyabiashara wa London walikuwa washindani, walakini walichanga fedha zao wakamweka mtu asiyeuza wala kununua, ndipo neno lake likaaminika. Mizani ya chama cha msingi na meza ya kuonjea kahawa vyataka uaminifu wa namna hiyo hiyo.

La pili, kipimo husema mali ni kitu gani. Hakisemi mwenye mali alipwe kiasi gani. Cheti cha lulu hakikumlisha mzamiaji, kwa sababu hakuwa na sauti mahali bei ilipokatwa. Basi mwanachama asitosheke na kujua daraja la kahawa yake. Na ahudhurie mkutano mkuu, alisome daftari, aulize bei ya mnada na makato yake, na katibu ajibu kwa takwimu.

La tatu, jina la kweli hudumu. Lulu ya kukuzwa ilipata soko kwa jina lake, na tanzanaiti kwa lake. Mkulima achanganyaye buni mbivu na mbichi ili gunia lijae hamwibii mnunuzi peke yake; huwaibia jirani zake wote ambao jina lao limo katika gunia lile.

Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi. Katika miaka kumi ijayo twatumaini kila chama cha msingi kitakuwa na kijana wake aliyefundishwa kuonja na kupanga madaraja, ili kahawa yetu inapofika mnadani, sisi wenyewe tuwe wa kwanza kuijua thamani yake.